Muzdalifa, fundi anayevunja makufuli yake mwenyewe

BARIADI. Jua halijafika hata kwenye mabati ya duka la jirani, na tayari Muzdalifa Hilali ameharibu kishikwambi kimoja.

Amekifungua mgongo, amekielekezea mashine ya hewa ya moto na sasa anasubiri, koleo ndogo mkononi. Harufu ya plastiki iliyoungua inajaa chumba. Ghafla kipande cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, kinaachia kwenye bodi. Anakinyanyua, anakipachika kwenye kifaa cha kusomea kilichounganishwa na kompyuta, kisha anarudi nyuma hatua moja.

Hakai. Karakana ina viti vitatu na vyote ni vya wateja. Mwenyewe hufanya kazi akiwa wima, akiizunguka meza, akigusa hiki na kukiacha, akichungulia barabarani na kurudi. Chai aliyoletewa na mama yake imepoa mpaka imefanya utando juu.

"Leo mimi ni mwizi," anasema bila kugeuka. "Hiki kishikwambi nimekiiba mnadani. Nina vifaa, nina muda, na nataka kujua ndani kuna majina ya nani."

Kwenye skrini zinatiririka herufi na namba zisizo na maana yoyote. Fundi mwingine angefurahi, kwa kuwa ulinzi wa kishikwambi hicho ameutengeneza Muzdalifa mwenyewe, na fujo ile ya herufi ndiyo aliyoikusudia. Yeye anakunja uso, anang'ata mdomo wa chini na kujaribu njia nyingine.

Muzdalifa ana umri wa miaka 33. Wateja wake wa mtaa wa Malambo, mjini Bariadi, wanamjua kama fundi wa simu na kompyuta, na msimu wa pamba ukifika wanamletea mizani za kidijitali kutoka vituo vya kununulia. Wachache wanajua kuhusu meza ya nyuma, iliyofunikwa kwa kitenge cha zamani cha mama yake.

Kwenye meza hiyo, kwa miaka mitatu sasa, anatafiti jinsi ya kulinda siri za wagonjwa zinazobebwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Anazisimba siri hizo, yaani anazigeuza zisomeke kama takataka kwa yeyote asiye na ufunguo, na ufunguo wenyewe anauficha ndani ya chipu ambayo haimpi mtu yeyote, hata aliyeitengeneza.

Utafiti huo hauna mwajiri. Baba yake, mzee Hilali Hashimu, anayeuza vitenge karibu na stendi, anauona kama ugonjwa.

"Fundi wa kawaida akimaliza kutengeneza anapumzika," anasema mzee huyo. "Huyu binti yangu anafunga mlango vizuri, halafu anaupiga teke mwenyewe usiku na mchana. Ukifunguka anaumwa. Usipofunguka anaumwa zaidi."

Mzee Hilali anasema hivyo akicheka, lakini si utani wote. Zipo siku wateja wamekuta karakana imefungwa, simu zao ziko ndani na fundi hayupo, amekwenda wilaya ya jirani ya Itilima kwa pikipiki kumuuliza mtu jambo moja tu. Baba ndiye aliyebaki kuwaomba radhi.

Kisa chenyewe kilianzia Kasoli.

Mama Nyanjige Limbu, mhudumu wa afya wa kata ya Zagayu, alikuwa amekwenda huko kwenye msiba wa ndugu yake. Wakati wa kurudi alipitia mnada wa mifugo. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, watu wana fedha, mnada umefurika. Begani alining'iniza mfuko wenye kishikwambi cha shirika moja lililokuwa likisaidia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi kufuata dawa zao za kufubaza.

"Nilihisi mfuko umekuwa mwepesi," anakumbuka mama Nyanjige, mwanamke mpole anayeongea kwa sauti ya chini. "Nikageuka. Watu ni wengi, wote wanatazama ng'ombe. Mfuko umechanwa kwa wembe, wala sikusikia."

Alitoa taarifa siku hiyo hiyo. Ofisini walimtuliza, wakamwambia kishikwambi kina nywila na mwizi hataweza kukifungua.

Na kweli hakukifungua. Alichomoa kadi ndogo ya kumbukumbu iliyokuwa ubavuni mwa kishikwambi, ile ambayo mfumo ulikuwa ukihifadhi nakala ya kila kitu ili kisipotee umeme ukikatika. Kadi hiyo haikuwa imefungwa kwa chochote. Mtu akaitia kwenye simu yake ya kawaida, na majina yakajitokeza: nani, kitongoji gani, anatumia dawa gani, tangu lini.

Watu 41. Picha za majina hayo zikaanza kuzunguka kwenye makundi ya simu ya Zagayu na vijiji vya jirani.

Mmoja wa waliokuwemo ni mwanamke ambaye kwenye simulizi hii ataitwa Domitila. Jina hilo amelichagua mwenyewe. Alikuwa mkulima wa pamba na mahindi, na kila wiki alikuja Bariadi mjini kuuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo watu wa huku huvipika wakati wa njaa na hata wakati wa shibe.

Mume wake hakuwa akijua. Domitila anasema alikuwa akijiandaa kumwambia, kila mwezi akisema mwezi ujao.

"Hakunipiga, hakunifukuza," anasimulia. "Aliacha tu kula nilichopika. Napakua, anainuka, anakwenda kwa mama yake. Mwishowe nikawa napika chakula cha mimi na mtoto tu. Nikaona hapa sina nyumba tena."

Akamchukua binti yake na kwenda kwa kaka yake huko Sola, wilayani Maswa. Kwa hofu ya kuonekana kliniki, aliacha dawa. Hakuwa peke yake: kati ya wale 41, kumi na mmoja waliacha kwenda kuchukua dawa kwa muda. Domitila alipata kifua kikuu, akakonda mpaka kaka yake akamfunga kwa khanga mgongoni mwa dereva wa pikipiki ili asianguke njiani kwenda hospitali. Alikaa wodini muda mrefu. Alipona.

Kishikwambi kilipatikana baadaye kwa mnunuzi mmoja aliyekuwa hajui alichonunua. Nancy Mahona, muuguzi aliyekuwa mratibu wa shirika lile hapa Bariadi, alikipeleka kwa fundi aliyemwamini ili aambiwe siri zimetokaje.

Fundi huyo alikuwa Muzdalifa.

"Nilichomeka kadi nikidhani itanichukua siku nzima," anasema. "Ilifunguka papo hapo. Jina la tatu kutoka juu lilikuwa la mwanamke anayemuuzia mama yangu michembe. Nilizima skrini. Lakini nilikuwa nimeshaona, na kitu ukishakiona hukirudishi."

Tangu siku hiyo, anasema, hajatulia.

Alianza na lililokuwa rahisi. Aliisimba kadi, kila neno, kwa hesabu ambazo hata kompyuta kubwa ingechukua maisha ya watu wengi kuzikisia. Akampigia Nancy simu kumwambia kazi imekwisha. Kabla ya jioni alimpigia tena kumwambia haijaisha.

Alikuwa amegundua kwamba ufunguo wa kufungulia usimbaji huo umelala kwenye kumbukumbu ya kishikwambi kile kile. Mwizi mwenye mashine ya hewa ya moto angeng'oa kipande cha kumbukumbu, akausoma ufunguo na kuingia. Aling'oa mwenyewe, akausoma, akaingia.

"Ni kama kufunga nyumba halafu ufunguo unauweka chini ya zulia la mlangoni," anasema. "Mgeni hajui. Mwizi anajua."

Ndipo alipogeukia chipu za ulinzi, za jamii ile inayokaa kwenye kadi za benki. Chipu ya namna hiyo huzaa ufunguo ndani yake, na ufunguo hufia humo humo. Ukiipa namba sahihi ya siri, inakufungulia maandishi, lakini ufunguo wenyewe haiutoi. Ukijaribu kuikwangua au kuitia umeme wa ghafla, imeundwa kuhisi hilo na kujifuta.

Alijifunza kwa kusoma, kwa kuunguza, na kwa kuuliza. Ana stashahada ya elektroniki aliyoisomea Mwanza, lakini huko hawakufika kwenye mambo haya. Ndiyo maana alimwandikia Fredrick Mayala, mhadhiri wa usalama wa kompyuta anayeishi Mwanza, mtu asiyemjua, akimwomba akitazame alichotengeneza na akivunje akiweza.

Fredrick alijibu kwamba ana kikundi cha wanafunzi wanaopenda kuvunja vitu. Muzdalifa akamtumia vishikwambi viwili kwa basi, vikiwa na majina ya kubuni ndani yake.

Vilivunjwa mchana mmoja.

Aliyevivunja ni Yasmini, mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Hakugusa chipu. Aligundua kwamba programu ya Muzdalifa, badala ya kuiachia chipu itafute namba za bahati nasibu za kuzalia ufunguo, ilikuwa inazikokotoa kutoka kwenye saa ya kishikwambi. Anayejua kishikwambi kiliwashwa lini mara ya kwanza angeweza kukisia ufunguo. Yasmini alikisia.

"Nilipompigia kumwambia, nilidhani atavunjika moyo," anasema Fredrick kwa simu. "Akaniuliza, 'Umetumia njia gani, nieleze polepole.' Tukaongea mpaka simu yangu ikaisha chaji. Kesho yake alikuwa Mwanza, mlangoni kwangu."

Alikaa Mwanza wiki nzima. Fredrick alimfundisha makosa ambayo watu wa fani hiyo wameyarudia duniani kote kwa miaka, na Yasmini alimpisha kitanda bwenini kwake. Muzdalifa alirudi Bariadi na madaftari mawili yaliyojaa na kitu kingine ambacho hakuwa nacho mwanzo: watu wa kumwambia amekosea.

Toleo lililofuata halikuvunjika. Kikundi cha Fredrick kililihangaikia muhula mzima bila mafanikio. Lile shirika la awali lilikuwa limeshafunga ofisi zake mkoani, lakini Nancy na wahudumu kadhaa walikuwa wameanzisha kikundi chao kidogo, wakapata kibali cha kulijaribu toleo hilo Zagayu. Mama Nyanjige, ambaye tangu wizi ule alikuwa akibeba daftari kifuani ndani ya gauni, alikubali kuwa wa kwanza.

Halafu mvua zikaja.

Siku hiyo mama Nyanjige aliitwa kwenye boma la jirani. Mtoto wa miaka mitatu, ambaye mama yake ni mmoja wa anaowatembelea, alikuwa na homa kali na mwili umelegea. Walimkimbiza zahanati. Muuguzi wa zamu aliuliza swali moja: kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru huyu mtoto?

Ilikuwepo. Mama wa mtoto alikumbuka kuwa mwaka uliopita mtoto alivimba uso baada ya kupewa dawa fulani, lakini jina hakulijua. Jina lilikuwa kwenye kishikwambi.

Mama Nyanjige alikitoa. Mikono ilikuwa imelowa mvua. Alikosea namba ya siri. Akakosea tena na tena. Mama wa mtoto alikuwa akilia pembeni yake na muuguzi anamtazama, na kadiri alivyoharakisha ndivyo vidole vilivyoteleza. Muzdalifa alikuwa ameipangia chipu ijifute ikikosewa mara kumi, ili mwizi asipate nafasi ya kubahatisha.

Mara ya kumi chipu ilitii, ikajifuta.

"Nilikitazama kikaandika 'kimefungwa'," anasema mama Nyanjige. "Nikajisemea, safari hii hakuna mwizi. Ni mimi."

Nakala nyingine ya kumbukumbu za mtoto ilikuwa kituo cha afya, ng'ambo ya mto uliokuwa umefurika. Muuguzi aliogopa kubahatisha dawa. Alimpa mtoto alichokuwa na uhakika nacho, akampoza kwa maji na kuanza kupiga simu. Mtandao ulikuwa unakuja na kukatika. Mtoto alipata degedege mara mbili kabla ya mtu wa kituo cha afya kulisoma lile jina kwa simu.

Mtoto huyo ni mzima leo. Mwandishi alimkuta akikimbiza kuku.

Muzdalifa alifika Zagayu siku iliyofuata, mto ulipopungua. Hakwenda kwanza kwa mama Nyanjige kukiangalia kifaa. Alikwenda zahanati, akakaa kwenye benchi pamoja na mama wa mtoto mpaka waliporuhusiwa kurudi nyumbani. Nancy anasema ndiyo mara pekee amemwona Muzdalifa amekaa kwa muda mrefu.

"Nilitengeneza kitu cha kumzuia mwizi," anasema Muzdalifa sasa, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake imetulia juu ya meza. "Kikamzuia mama Nyanjige. Kwangu mimi hiyo siyo ajali. Nilikuwa nimemfikiria mwizi kila siku, mpaka nikasahau kuifikiria mikono ya mtu mwenye hofu."

Alitaka kuacha. Alimwambia baba yake kwamba kuanzia wiki ile atatengeneza simu tu. Mzee Hilali, ambaye angetarajiwa kushukuru, alimwangalia akifungua simu za wateja kwa muda, kila moja akiimaliza haraka na kuiweka pembeni. Siku ya pili au ya tatu alimfuata karakana, akamuuliza kama kumbukumbu za yule mtoto na mama yake zikirudi kwenye kadi iliyo wazi, na kadi ikaibwa tena, ndiyo itakuwa nafuu. Jioni ile Muzdalifa aliondoa kitenge juu ya meza ya nyuma.

Kazi iliyofuata ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu safari hii alilazimika kuacha mlango mmoja wa dharura bila kumwachia mwizi.

Suluhisho alilolipata kwa kushauriana na Fredrick ni kuugawa ufunguo wa akiba vipande viwili. Kipande kimoja kiko kwenye kadi ndogo anayovaa mhudumu shingoni. Kingine kiko ndani ya chipu iliyofungwa kwenye kisanduku cha chuma zahanati, na muuguzi ana namba yake. Mhudumu akikosea, chipu ya kishikwambi haijifuti tena, inagoma tu. Wakikutana mhudumu na muuguzi, kadi na kisanduku, inafunguka. Mmoja peke yake hawezi. Mwizi akiiba kishikwambi na kadi kwa pamoja, bado ana vipande visivyotosha.

Na jina la dawa inayomdhuru mtoto sasa limeandikwa pia kwenye kadi ya kliniki ya mtoto mwenyewe, kwa kalamu. Hilo lilikuwa wazo la mama Nyanjige.

"Nilihangaika wiki mbili natafuta namna ya kulionyesha kwenye skrini bila namba ya siri," anasema Muzdalifa. "Mama Nyanjige akaniuliza kwa nini tusiliandike tu. Jina la dawa siyo siri. Siri ni ya mama."

Toleo hilo limekuwa Zagayu kwa miezi kadhaa. Limekosewa namba, limeloweshwa, limeangushwa toka kwenye baiskeli. Mara nne mhudumu na muuguzi wamelifungua pamoja. Kikundi cha Fredrick hakijaweza kulivunja. Muzdalifa naye hajaweza, na hilo ndilo linalomkosesha raha.

"Kushindwa kwetu siyo ushahidi kwamba haiwezekani," Fredrick anakubaliana naye. "Ni ushahidi kwamba sisi hatujaweza. Huyo dada analijua hilo kuliko wanafunzi wangu wengi, ndiyo maana halali."

Mwandishi alipofika Bariadi kwa mara ya pili, karakana ilikuwa na mgeni. Mwanamke mrefu aliyejitanda khanga ya kahawia alikuwa amesimama mlangoni, kikapu mkononi. Muzdalifa alikuwa amekwisha kumwona. Alifuta mikono na kwenda kumpokea kwa salamu ya Kisukuma.

"Mwadila, dada."

"Mwadila, mdogo wangu."

Alikuwa Domitila, ametoka Maswa asubuhi hiyo. Nancy alikuwa amemweleza kwamba kikundi kinataka kupeleka vishikwambi Sola, na kwamba akikubali, mhudumu atakuwa akimfikia nyumbani badala ya yeye kusafiri na kupoteza siku ya shamba. Domitila alisema hatajibu mpaka aonane na fundi.

Muzdalifa alimpa kiti. Alimletea kishikwambi, akamwekea mkononi, akaanza kumweleza habari za chipu, namba ya siri, kadi na kisanduku. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili na mahali pengine kwa Kisukuma. Domitila alisikiliza mpaka mwisho akikigeuza kifaa kile taratibu, kama mtu anayekagua embe sokoni.

Kisha akauliza kama kinaweza kuvunjwa.

Ilikuwa nafasi ya Muzdalifa kusema hapana. Kila aliyekuwa chumbani alitaka aseme hivyo, akiwemo Nancy aliyekuwa ameketi pembeni.

"Mimi sijaweza," alijibu Muzdalifa. "Walimu wa Mwanza hawajaweza. Lakini siwezi kukuapia, dada. Inawezekana yupo mtu atakayeweza."

Domitila aliitikia kwa kichwa. Hakuonekana kushangaa wala kukasirika.

"Siku akiweza, nani atakuja kuniambia?"

Muzdalifa alimgeukia Nancy.

"Ile mara ya kwanza hakuja mtu," Domitila aliendelea, sauti ile ile. "Nilikuwa bombani, nasubiri zamu. Mwanamke mmoja akavuta ndoo yake isigusane na yangu. Ndivyo nilivyojua. Ofisini walikuwa wanajua. Aliyeichomeka kadi kwenye simu yake alijua. Wewe nasikia ulijua baadaye, nawe hukuja. Kijiji kizima kilikuwa na habari zangu, mimi nikawa wa mwisho. Ningeambiwa mapema hata kwa siku moja, ningemwambia mume wangu kwa mdomo wangu. Labda angeondoka hivyo hivyo. Lakini angesikia kwangu."

Nje pikipiki ilipita na honi yake. Nancy aliinamisha kichwa. Aliuambia mkutano huo mdogo kwamba kipindi kile ofisi yake iliogopa kuwapa watu taharuki, wakaamua kusubiri wajue zaidi, na walipojua zaidi ilikuwa imechelewa.

Muzdalifa alichuchumaa mbele ya kiti cha mgeni wake.

"Nitakuja mimi," alisema. "Siku hiyo hiyo. Siyo kwa simu wala kwa ujumbe. Nitakuja mwenyewe, nitakukuta ulipo."

Domitila alimwuliza kama anaifahamu Sola. Muzdalifa alikiri kwamba ameipita tu njiani kwenda Shinyanga.

"Basi mniandike," alisema Domitila, na kumrudishia kishikwambi. Kwenye kikapu alitoa michembe iliyofungwa kwa gazeti, akasema ni ya mama.

Tangu siku hiyo utafiti wa Muzdalifa umechukua sura nyingine. Vishikwambi kumi na viwili viko tayari kwenda Sola na Zagayu baada ya mavuno, endapo wataalamu wa afya wa halmashauri wataridhika na majaribio. Lakini yeye na Nancy wameongeza sharti ambalo halimo kwenye chipu yoyote. Kila mgonjwa, kabla hajaandikwa, anaulizwa angependa aambiwe na nani, mahali gani na kwa njia gani, siku siri yake ikiwa hatarini. Asiyetaka kuandikwa anabaki kwenye jalada la karatasi la kliniki, na anahudumiwa kama wengine.

Fredrick amependa wazo hilo na anataka wanafunzi wake walisome. Anasema katika fani yao watu hutumia miaka kujenga ukuta, na dakika chache kufikiria ukuta ukianguka nani atakimbia kwenda kuwaamsha waliolala.

Muzdalifa anatamani siku moja awe na maabara yenye darubini ya kuchungulia ndani ya chipu, na vijana wawili watatu wa mkoa huu wa Simiyu wa kuvunja naye. Kwa sasa ana meza, kitenge, na njia tano alizoziandika ukutani ambazo hajawahi kujaribu kuivunjia kazi yake.

Juma lijalo atafunga karakana tena. Baba yake ameshawaambia wateja. Anakwenda Sola kwa pikipiki, na ataongozana na mhudumu wa kata hiyo akipita kila kitongoji kama mtu anayetangaza huduma ya kutengeneza simu, na kweli atazitengeneza.

Mwandishi alimuuliza kwa nini asisubiri mpaka itokee haja ya kwenda.

"Kwa sababu siku hiyo sitaweza kumuuliza mtu njia," alijibu, akiwa tayari amesimama, funguo za pikipiki mkononi. "Nikiingia kijijini na kuuliza nyumba ya fulani ni ipi, nitakuwa nimeshawaambia wote siri yake. Lazima niwe naijua."